Siku za Jumatatu kwenye Maji ya Moto

Mjukuu wangu Furaha ameanza kazi kwenye gesti moja hapa Baraka, nyumba ya kulaza wageni wa mashirika. Juma la kwanza alirudi nyumbani amevimba mashavu. Mgeni alikuwa amemrudisha mara tatu na ndoo ya maji ya kuoga: mara yanaunguza, mara ya baridi, mara yanaunguza tena. Nikacheka mpaka nikakohoa.

"Bibi, unacheka nini?"

"Nacheka juu nilikula miaka saba kwa kazi hiyo hiyo ya ndoo yako," nikamjibu. "Leta daftari."

Sasa yeye anaandika, mimi nasema. Nikisema batoto, yeye anaandika watoto, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa shuleni. Nimemwachia. Ila maneno waliyosema watu wengine nimemkataza kuyanyoosha. Mtu aandikwe alivyosema.

Haya basi ni yenu, ninyi vijana mnaotandika vitanda vya wageni na kubeba masanduku yao. Mimi naitwa Zaina, mama Hamisi. Sikuwa mpishi wala mfuaji. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya maji ya moto na maji ya baridi mpaka yamfae mtu. Mnaona ni kazi ndogo. Hata mimi niliiona ndogo, na hilo ndilo lililonitia kwenye kosa nitakalowaambia.

Ukiwa kwenye barabara inayotoka huku ziwani kupanda Fizi, kuna mahali unaacha njia na kuteremka bondeni. Huko maji yanatoka ardhini yakiwa moto. Ukitia yai kwenye jicho la maji lenyewe, ukaenda kuchuma sombe, majani ya muhogo ya mboga, na kurudi, unakuta limeiva. Miaka ile ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, mama mmoja wa Kizungu, mjane, alijenga hoteli hapo. Sisi wote tulimwita Madame Odile. Hoteli ilikuwa na vyumba sita, baraza refu lenye viti vya kamba, na chini yake basini, yaani birika kubwa la simenti la kuogea. Wageni walitoka Albertville, Uvira, wengine mpaka Bukavu. Walikuja na magoti yao, viuno vyao, na mambo mengine ambayo mtu hasemi mbele ya watu. Wasioweza kutembea walibebwa kwenye kipoyi, kile kiti cha kubebwa na wanaume wanne, kutoka barabarani mpaka bondeni.

Mimi nilifika pale kwa sababu ya cherehani. Baba Hamisi, mume wangu, alikuwa fundi wa nguo hapa Baraka, na Madame alimpa kazi ya mapazia yote ya hoteli. Mapazia yakawa mengi, tukahamia huko na watoto wetu watatu. Siku moja Madame alikuja barazani kwetu, akaniangalia ninavyomwogesha mtoto wa mwisho, akasema:

"Wewe unaweza kuogesha bamadame?"

Bamadame, yaani wake wa Wazungu, walikuwa wamechoka kuletewa maji na mwanaume. Yule mwanaume naye alikuwa amechoka, maana aliamriwa kutembea kinyumenyume asiwaone, na mara mbili alianguka ndani ya basini na ndoo zake. Baba Hamisi hakupenda. Aliniuliza swali moja tu, akiwa na pini mdomoni: "Wanavaa nini mule majini?" Nikamwambia sijui. Nilipojua nikamwambia, akatoa pini, akashona majoho sita marefu ya kuogea na kumpelekea Madame bila kuagizwa. Madame aliyapenda. Bamadame wakawa wanaingia majini kama mahujaji.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Nyassa. Alikuwa Mubembe, mtu wa vilima vya hapo hapo, mwenye umri wa mama yangu, mrefu, na magoti yaliyompa taabu. Alizaliwa karibu na chemchemi hiyo. Mama yake alimwogesha humo, na yeye alioga humo kila alipojifungua. Halafu Madame alipata karatasi ya kiwanja, akazungusha waya na kubandika ubao kwamba mtu mweusi asioge. Lakini hakukuwa na mtu aliyejua njia za maji yale kama Mama Nyassa, kwa hiyo akampa aproni na kumwajiri ndani ya waya ule ule. Mama Nyassa alikuwa akisema, "Banifungia nyumba yangu, kisha banipa kazi ya kufagia mulango." Alisema bila kucheka, bila kukasirika pia. Alfajiri, kabla ya wageni kuamka, alikaa kwenye mfereji wa kutolea maji, chini ya basini, akilowesha magoti yake katika maji waliyokwisha kuogea wageni. Madame alijua na alinyamaza.

Sikilizeni jinsi tulivyofanya. Kulikuwa na mifereji miwili ya kuingiza maji. Mmoja ulileta maji ya moto kutoka kwenye jicho, mwingine ulileta ya baridi kutoka kijito cha juu. Kila mfereji ulizibwa na ubao, unaupandisha au kuushusha. Wa kwanza kufunguliwa ni wa baridi, siku zote. Ukianza na moto, simenti inashika joto na mgeni anaungua makalio hata kama maji yenyewe ni mazuri. Kisha unafungua moto kidogo kidogo. Halafu unachukua kasia, lile la mtumbwi hasa, unakoroga kutoka chini. Maji ya moto hayapendi kukaa na ya baridi. Yanapanda juu, yanajitenga upande wake, kama wake wenza. Usipokoroga, una mabirika mawili ndani ya birika moja. Baadaye unatia kiwiko, si kidole. Kidole cha mwanamke wa jikoni kimeishazoea moto, kitakudanganya.

Mvua ikinyesha milimani, maji ya baridi yanakuja mengi na matope: shusha ubao. Kiangazi kikikaza, kijito kinakonda: maji ya moto uyatege asubuhi kwenye kijibirika cha pembeni yapumzike. Mgeni mnene hutoka mapema kuliko mwembamba. Na mtu akitoka kwenye maji ya moto usimvute mkono. Mshike chini ya kwapa, kwa maana kichwa chake kinazunguka na hajui. Mpe maji ya ndimu na chumvi kidogo, umkalishe, ndipo umpe esui, taulo lake, ajifute mwenyewe. Watu hupenda kujifuta wenyewe wakitoka kwenye maji. Inawarudishia heshima yao.

Kulikuwa na bibi harusi mmoja aliyeletwa na mumewe wiki ile ile ya ndoa. Alikuwa na bangili za fedha mkono mzima. Nilimwambia avue, akanitazama kana kwamba nataka kuziiba. Akaingia nazo. Maji yale yana kile kinachonuka kama yai bovu, na fedha haiyawezi. Alipotoka, mkono ulikuwa mweusi kama sufuria ya ugali. Akalia, akasema tumembadilishia bangili zake. Mumewe akaja juu. Mama Nyassa akanyoosha kiganja, akachukua bangili moja, akaenda jikoni, akaisugua na jivu na ndimu, akairudisha inameta. Bibi harusi akavua zote kumi na moja na kumpa. Mama Nyassa akamwambia kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayesema na mtoto: "Hii ya mwisho sugua weye. Utarudi kwako, utasuguliwa na nani?" Na yule bibi harusi wa Kizungu akachuchumaa jikoni, akasugua.

Ndivyo alivyokuwa. Nilimpenda, na bado nilimfanyia nililomfanyia.

Ilianza na termometri. Madame alirudi safari moja kutoka Uvira na kipimajoto cha kioo, kimefungwa ndani ya ubao ili kielee. Akatuita wote wawili.

"Sasa hakuna kiwiko tena," akasema. "Kila siku trente-huit. Thelathini na nane. Nani anaweza kusoma?"

Mama Nyassa hakusoma. Mimi nilijua namba. Baba Hamisi alinifundisha kwenye utepe wake wa kupimia nguo, kiuno na kifua, tangu tulipooana. Nikasema, "Mimi, Madame." Tangu siku hiyo termometri ilining'inia shingoni mwangu kwa kamba. Wageni wakawa wananiuliza mimi. Mama Nyassa alibaki na mbao za mifereji na kasia. Nilianza kumwambia fungua, funga, bado, ongeza. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyenishika mkono na kuutia majini siku ya kwanza. Yeye alifungua, akafunga. Mara moja tu alisema, "Mama Hamisi, hicho kioo kinajua mahali kilipo. Mahali pengine hakijui." Nikadhani ni wivu.

Asubuhi ya siku ya kosa langu kulikuwa kumenyesha huko juu. Mama Nyassa aliona mfereji wa baridi unakonda wakati ulipaswa kujaa. Akajua majani yameuziba. Akafunga aproni yake vizuri, akaniambia:

"Napanda kuzibua. Usitie mutu ndani mpaka nirudi. Ao ukoroge weye mwenyewe."

"Sawa, mama."

Akapanda na magoti yake. Nikabaki. Mke wa injinia mmoja kutoka Albertville akateremka kabla ya saa yake. Alikuwa mwanamke mwema, alinijua kwa jina.

"Zaina, c'est bon? Tayari?"

Nikatupa termometri majini, hapo hapo niliposimama, karibu na mdomo wa mfereji wa baridi. Nikaitoa. Thelathini na nane kamili. Kasia lilikuwa limeegemea ukuta, hatua sita kutoka kwangu. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Sikutaka kukilowesha. Watoto wangu, hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuwapa.

"Tayari, Madame."

Basini lilikuwa na ngazi mbili. Wageni walizoea ya chini, upande wa baridi. Yeye aliona jua liko upande wa juu, akazunguka, akashuka kwa ngazi ya moto. Miguu yote miwili, mpaka katikati ya miundi. Ule mlio nausikia nikitaka na nisipotaka. Nilimtoa kwa kwapa, hilo angalau nililifanya vizuri, na ngozi yake ilikuwa imeanza kuachana na mguu.

Madame Odile akaja mbio, na wageni wote nyuma yake. Wakamfunika miguu, wakamtia kwenye kipoyi kwenda kwenye gari, apelekwe kwa daktari. Nilisikia baadaye kwamba alipona, ila hakurudi tena kwetu.

Madame akanigeukia. "Nani alifungua maji?"

Nikainua termometri. "Madame, kioo kilisema trente-huit."

Ilikuwa kweli. Na mbao za mifereji zilikuwa kazi ya Mama Nyassa, hilo pia lilikuwa kweli. Madame akajumlisha mwenyewe. Sikumtaja mtu. Nilisimama tu, na ukweli wangu mkononi.

Mama Nyassa akateremka wakati huo, matope mpaka magotini, ameshika fungu la majani yaliyoziba mfereji. Akakuta watu wamepangana. Madame akamwambia kwa sauti ya chini, kwa maana alikuwa mtu wa sauti ya chini akikasirika, kwamba ameunguza mgeni, aondoke leo. Mama Nyassa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama ukutani. Akaliona kasia. Lilikuwa kavu, jeupe, halijagusa maji siku hiyo. Halafu akanitazama mimi.

Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari kukana.

Akaweka majani chini. Akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya ukuta wa basini, akaenda zake. Alipita kwenye geti ambalo tangu hapo hakuwa na ruhusa ya kulipita.

Mvua zote za mwaka huo nilifanya kazi peke yangu. Niliwekewa kijana wa kufungua mbao, nikamrudisha. Nilikoroga kila siku mpaka mikono ikawa na malengelenge. Madame alinisifu. Kila aliponisifu nilikosa pa kuangalia.

Siku moja mwanamke aliyetuletea mihogo aliniambia, bila kujua analosema, kwamba Mama Nyassa hapandi tena shambani. Magoti yamekaza. Mabinti zake wanamtoa nje asubuhi na kumrudisha ndani jua likizidi. Nikaelewa ni maji. Tulikuwa tumemnyang'anya ule mfereji wa alfajiri.

Nilikwenda kwa Baba Hamisi, alikuwa anakata suruali. Nikamwambia yote, tangu kitenge mpaka kasia. Akaweka makasi chini.

"Kwa hiyo ulisema ukweli nusu," akasema.

"Ndiyo."

"Nikimukatia mutu suruali nusu, ananilipisha kitambaa kizima." Akachukua makasi tena. "Nenda. Mi nitakaa na batoto."

Nilipanda kijijini kwao. Mama Nyassa alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, anachambua maharagwe. Aliniona kutoka mbali na hakusimama, hakuweza. Nikapiga magoti, nikamsalimia, nikaanza kueleza. Akanikatiza.

"Hii yote najua. Niliona kasia."

"Sasa mama, juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini? We uko na batoto batatu, mi niko na shamba." Akatupa haragwe bovu pembeni. "Na tena nilitaka kuona kama utasema weye. Nilingoja. Nikasema, kesho. Nikasema, Jumapili, Siku ya Mungu. Mvua ikaanza, nikaacha kungoja."

Nililia, akaniacha nilie. Kisha akasukuma ungo katikati yetu, na tukachambua maharagwe mpaka yakaisha. Nilipotaka kuondoka akasema, "Umechelewa. Lakini umekuya."

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Madame Odile. Alikuwa barazani na kahawa yake. Nikamwambia nilichofanya, nikaweka termometri juu ya meza. Akazungusha kijiko.

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu yeye hatembei tena, Madame. Mimi natembea."

"Siwezi kumurudisha," akasema. "Bageni bote balisikia mwenye makosa ameisha kuenda. Nikimurudisha, batauliza sasa ilikuwa nani."

"Basi niende mimi."

"Na maji atapima nani?"

Ni hapo nilipojua kwamba nina kitu mkononi. Si termometri. Nilikuwa ninajua kazi ambayo mwingine hakuijua, na aliyenifundisha alikuwa amekaa mkekani kule juu. Nikamwambia, "Madame, Jumatatu hakuna wageni. Tunamwaga basini, tunasugua utelezi. Mikono yangu miwili haitoshi. Nipe mtu wa kunisaidia Jumatatu. Nimchague mwenyewe."

Aliniangalia sana. Alikuwa amezika mume katika nchi isiyo yake, na nadhani alijua zaidi ya alivyoonyesha.

"Jumatatu nateremka Baraka kununua samaki," akasema mwisho. "Kile sioni, sijui."

Jumatatu hiyo, wanaume wa kipoyi walimleta Mama Nyassa. Niliwaomba, wakakubali bila neno, wakambeba kama walivyobeba wake wa maofisa. Tulipitia geti wazi, mchana. Maji ya Jumapili yalikuwa bado ndani, lazima yamwagwe. Nikayakoroga kutoka chini, mara mbili, mara tatu. Kisha nikamshika chini ya kwapa, na mabinti zake upande wa pili, akashuka ngazi. Maji yalipofika magotini alifunga macho. Yalipofika kifuani akatoa pumzi ndefu sana, na kusema neno moja kwa Kibembe, jina la mama yake.

Niliketi ukingoni na kitenge changu ndani ya maji.

Baada ya miezi miwili alikuwa anakuja kwa fimbo, bila kipoyi. Tulikaa majini kwanza, kisha tukamwaga, kisha tukasugua na mchanga na jivu. Jumatatu zile nilijifunza mambo ambayo kioo hakina. Alinifundisha kusikiliza jicho la maji: likinguruma kwa chini, kutakuwa moto kupita kawaida kwa siku mbili tatu. Alinifundisha kutazama shingo ya mtu, ikianza kumeta mtoe, usingoje aseme. Aliniambia mambo ya waume, ya kuzaa, ya kuzika. Mimi nilitoka familia ya Waislamu wa ufukweni, tulioambiwa watu wa vilima ni wagumu. Yeye aliambiwa watu wa ziwani ni wadanganyifu. "Kwako hawakunidanganya," akasema, tukacheka mpaka mwangwi ukajibu bondeni.

Halafu binti yake akaja na mwenzake aliyejifungua juzi. Kisha mwanamke mwenye bega bovu. Kisha wengine. Wote walikuja na brashi ya kusugulia mkononi, maana walikuja kusaidia kazi. Mwaka wa pili Madame aliniuliza, akitazama upande mwingine:

"Jumatatu munasugua batu ngapi?"

"Inategemea uchafu, Madame."

Akatikisa kichwa. "Basini iko safi sana," akasema, akaingia ndani. Ubao wa kukataza watu weusi ulibaki pale pale, na kila Jumatatu tulitundika nguo zetu juu yake zikauke.

Mkiniuliza ni nini ninachokitamani nikiamka asubuhi, si ujana. Ujana niliutumia. Natamani ile sauti ya wanawake kumi, kumi na tano, ndani ya mvuke, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza, na Mama Nyassa katikati yao amefunga macho.

Alikufa kiangazi kimoja kabla ya uhuru. Mabinti zake waliteremka kuniita. Yeye alikuwa Mkatoliki, mimi Muislamu, lakini alikuwa amewaambia: maji ya kuniosha achanganye Mama Hamisi. Tuliyabeba kutoka bondeni kwa mitungi, wanawake wa Jumatatu wote, njia nzima ya kupanda. Sijawahi kuogopa kukosea kama siku hiyo, ingawa yeye peke yake ndiye asingeniambia.

Madame Odile aliondoka mwaka wa uhuru. Alipanda meli na masanduku mawili. Aliniachia termometri na ufunguo wa geti. Vita vilipokuja tulivuka ziwa kukimbilia Kigoma, vitu hivyo viwili vilipotelea njiani, na sikuvitafuta. Baba Hamisi tulimzika huko. Niliporudi Baraka nilikuwa nimezeeka, na kwa miaka mingi sikuwa na moyo wa kupanda kule.

Mwaka jana Furaha alinipandisha kwenye pikipiki, tukaenda. Hoteli hakuna. Kuna nguzo mbili na migomba. Basini limepasuka, nusu limefukiwa na udongo, lakini jicho la maji linatoa vile vile. Walikuwepo wasichana wanafua. Mmoja wao aliacha nguo zake, akanijia akifuta mikono.

"Tate, unataka kuingia?" Ndivyo wanavyomwita bibi huko.

"Nataka."

"Usipite huku, tate, huku iko moto sana. Kuya huku. Tia muguu moja kwanza. Pole pole. Usiogope."

Furaha alifungua mdomo kumwambia mimi ni nani. Nikamfinya. Nikamwachia yule msichana anielekeze kila hatua, wapi pa kukanyaga, wapi pa kushika, na nikafanya kila alichoniambia. Akanikalisha penye jiwe, maji yakanifika kifuani.

"Iko bien, tate?"

"Iko bien, mwanangu."

"Umeisha kufika hapa siku ingine?"

"Zamani kidogo."

Akarudi kwenye nguo zake. Wasichana walikuwa wanaongea wote kwa wakati mmoja, habari za wachumba na bei ya sabuni. Alipomaliza kuanika aliniuliza kama anitoe. Nikamwomba aniache bado kidogo.